Nilivyotengeneza boksi la sabufa la faiba kwenye baridi ya Mbeya

Gari langu ni Toyota Mark II GX110, na buti lake halikai tupu. Nikienda Tukuyu linarudi na ndizi za nyumbani, siku nyingine linabeba bidhaa zangu kutoka soko la Sido, Mwanjelwa. Boksi la mbao la mraba, lile linalouzwa tayari, lingekula nusu ya nafasi hiyo. La faiba, yaani mkeka wa nyuzi za kioo uliogandishwa kwa rezini, linafuata umbo la gari. Langu nililitaka likae kwenye kona ya pembeni, nyuma ya tairi la kulia, mahali ambapo hata gunia haliingii vizuri, na sakafu ibaki wazi ili tairi la spea litoke bila kuhamisha kitu.

Nafasi ya kuifanya kazi hii niliipata mwezi wa saba, na mwezi wa saba wa Mbeya kila mtu anaujua. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Rezini ya polyester, ile inayotumika kwenye mabodi na bampa, hugandishwa na hadina, na hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 25. Chini ya 15 inazubaa. Unaweza kuipaka leo ukaikuta kesho bado inanata.

Kabla ya kununua chochote nilimwendea mzee mmoja fundi bodi Mwanjelwa, anayeziba bampa za daladala kwa faiba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Faiba msimu huu? Basi fanya kazi na jua. Na usije ukaongeza hadina eti kwa sababu ya baridi."

Alinieleza sababu, nami nimeishika. Hadina ikizidi, rezini hujigandisha kwa joto kali sana, na pale ilipokaa nene inachemka, inapasuka. Kiwango chake ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Mimi nilichanganya nusu lita kwa wakati, na nilipima hadina kwa sirinji ya duka la dawa: mililita 10, ambayo ni karibu asilimia 2, basi, sivuki hapo. Kilichobaki nilikiachia joto. Kopo la rezini lililala ndani ya nyumba, na asubuhi nililiweka, likiwa limefunikwa, kwenye beseni la maji ya moto kiasi mpaka rezini ikawa laini. Gari niliegesha matako ya buti yakitazama jua, na kupaka nilipaka kati ya saa nne na saa nane tu. Jiko la mkaa sikulisogeza karibu hata kidogo, maana mvuke wa rezini unashika moto. Miwani ya kazi sikuivua: tone la hadina likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu. Na kama umeuziwa rezini ambayo kobalti yake, ile dawa ya kuharakisha kuganda, iko pembeni, changanya kobalti kwanza mpaka ipotee, ndipo hadina ifuate. Hivyo viwili vikikutana vyenyewe vinalipuka.

Kona ya buti niliifunika kwa tepu ya karatasi, juu yake foili ya jikoni, juu ya foili nta ya kung'arishia magari, ili kipande king'oke bila kuchuna rangi. Mkeka wa faiba, wa gramu 450 kwa mita ya mraba, niliuchana kwa mikono badala ya kuukata kwa mkasi. Kingo zilizochanika huungana bila kuacha ngazi. Hapa ndipo kazi inapopendeza. Mkeka ni mweupe, na unaugongagonga kwa ncha ya brashi, bila kuuburuta, mpaka weupe unapotea na unaiona foili chini yake. Palipobaki doa jeupe pana hewa, na penye hewa pana udhaifu. Tabaka moja hutoa kama milimita moja. Niliweka matatu, nikaking'oa kipande, kisha nikaongeza mengine hadi sita, kwa sababu ukuta unaotetemeka hunyang'anya besi nguvu yake.

Mbele nilikata pete ya MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya kushika spika ya inchi 10, nikaisimamisha kwa vijiti vya mbao, nikavuta juu yake blanketi jepesi la fleece la mtumba, likakaza kama ngozi ya ngoma. Fleece inakunywa rezini nyingi, iachie inywe. Ilipokauka niliongeza mkeka kwa ndani kupitia tundu la spika, kisha nikamimina fila (ile ya kuzibia mabodi ya magari) iliyolegezwa kwa rezini na kulizungusha boksi ili izibe kila mshono.

Ujazo nilipima kwa mahindi ya mama. Nililijaza boksi mpaka kwenye tundu, nikayamwaga kwenye ndoo ya lita 20. Karatasi iliyokuja na spika ilitaka lita 20 za boksi lililozibwa. Ndoo ilijaa na kikabaki kiasi kidogo, ambacho ndicho kinachochukuliwa na sumaku ya spika. Mahindi yalipimwa kabla ya pamba na waya kuingia, na hayakurudi jikoni, yalikwenda kupandwa.

Msasa, fila na kapeti ni kazi ya subira tu. Waya mnene wa amplifaya unatoka kwenye betri, na fyuzi yake iko karibu na betri yenyewe, isizidi sentimita 45. Boksi nimelifunga kwa boliti kwenye vyuma vya buti, maana kona za barabara ya Tukuyu hazisamehe. Kuhakiki kwamba halivuji ni rahisi: sukuma koni ya spika taratibu kwa viganja viwili, kisha iachie. Ikirudi polepole, hewa imefungwa. Yangu inarudi polepole, na besi inatoka kavu, fupi, haivumi hovyo.

Hapa Mbeya mjini jua la saa sita lilitosha. Kwa aliyeko Njombe au Makete, ambako baridi ni kali zaidi, mimi ningesubiri Oktoba.