Jina la kati la mama, na siku niliyomlisha bibi upupu

Kila niliyemwambia nawatafuta jamaa za mama alinipa dawa moja: pima DNA. Nikapima. Nikatema mate kwenye kichupa, nikakituma ng'ambo kwa pesa ambazo zingekaribia karo ya muhula ya mtoto mmoja, nikangoja miezi miwili. Jibu likaja: nusu yako ni Ufilipino. Ahsanteni sana. Hilo hata muuza mahamri wa mtaani kwetu Kibokoni analijua. Tangu utotoni ananiita Mchina.

Mama alifariki Dubai nikiwa na miaka minne, baba akanirudisha Mombasa kwa bibi. Nilibaki na cheti cha ndoa yao na picha moja, mama amesimama mbele ya mlima uliochongoka sawasawa pande zote. Mlima haukunisumbua. Ni Mayon, volkano ya mkoa wa Albay, ile ile iliyofukia kanisa la Cagsawa mwaka 1814. Lakini Albay ina miji 18, na jina la ukoo la mama ni Santos. Kumtafuta Santos Ufilipino ni kama kusimama feri ya Likoni ukaita "Mohamed!"

Miaka mitatu nikawaandikia kina Santos. Mmoja alidhani natafuta mume.

Aliyenitoa gizani ni nesi Mfilipino niliyekutana naye kwenye harusi Nyali. Alikitazama cheti akaniuliza, "Na hili la katikati?" Nikamwambia hilo si kitu, jina la babake tu, kama kwetu. Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe kwao jina la kati ni ukoo wa mama mzazi! Yaani jina la ukoo wa bibi yangu, lola, lilikuwa ndani ya kabati langu miaka yote, nami nikilipita kama nimelewa. Silitaji hapa, lakini linaanza na R.

Na R ndiyo ilikuwa ufunguo. Mwaka 1849 gavana Mhispania, Narciso Clavería, aliamuru wenyeji wapewe majina ya ukoo kutoka kwenye kitabu kimoja kilichopangwa kwa alfabeti, ili kodi na sensa zisimchanganye. Kurasa zikagawanywa, mji huu herufi hii, mji ule herufi ile. Mji wa Oas, huko huko Albay, ukaangukiwa na R, na hadi leo ukoo baada ya ukoo pale unaanza na herufi hiyo. Basi nikaacha miji 17 nikabaki na mmoja. Rejista za zamani za kanisa nilizisoma bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, Kihispania changu kikiwa cha kubahatisha, kisha nikaiweka picha ya mama kwenye kundi la watu wa Oas. Wao wametutangulia saa tano. Nilipoamka alfajiri binamu yake mama alikuwa ameshajibu, na picha tatu za lola juu yake.

Sasa mimi kwa kujigamba nilikuwa nimejifunza Kitagalog miezi sita. Nikampigia yule binamu, ninayemwita Tita, yaani shangazi, nikimmwagia "po" ya heshima kila sentensi, kama mtoto anayerudia shikamoo. Akanisikiliza kwa huruma. Kwao lugha ni Bikol, si Kitagalog, na adabu yao ni "tabi". Ahsante ni "Dios mabalos". Kwa hiyo kabla hujalipia masomo, uliza kwanza wazee wako walisema lugha gani. Hasara haikuwa yote, lakini: mesa, bandera na sabon sikuhitaji kufundishwa.

Halafu nikataka kupika laing, mboga ya kwao. Majani ya majimbi, tui la nazi, tangawizi, pilipili, nini kigumu hapo kwa mtu wa Pwani? Nikanunua majani mabichi, nikayakatakata, nikatia tui, nikasimama nalikoroga bila kupumua, maana bibi alinilea nikijua tui lisipokorogwa hukatika. Kikaiva kijani kizuri. Nikampakulia bibi wa kwanza, heshima yake. Tonge la pili akaweka mkono kooni. "Mjukuu wangu, umenilisha upupu?" Mume wangu akakimbilia maji, mimi ulimi umekuwa kama nimeulambisha brashi. Tulikunywa maziwa usiku kucha na hakuna aliyenisemesha.

Tita aliposikia alilia kwa kicheko. Majani huanikwa mpaka yakauke kabisa. Yakishaingia chunguni hukorogi, unayazamisha kwenye tui taratibu na kuyaacha, na tui likikatika likatoa mafuta ndipo unapojua mambo yameiva. Kila nilichofunzwa jikoni, kinyume chake. Badala ya bagoong yao, uduvi uliochachushwa kwa chumvi, natwanga uduvi wetu, na Tita amekubali, ingawa kwa kukunja uso.

Jaribio la pili nilipika simu ikiwa wazi, imeegemezwa kwenye mtungi. Bibi alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Tita akapiga kelele, akatoka, akarudi na chake, kigoda chenye ulimi wa chuma, kudkuran, akakikalia mbele ya kamera. Wakakuna pamoja, huyu Kibokoni na yule Oas, hakuna anayejua neno la mwenzake. Laing ilipoiva bibi alisema nianze kuonja mimi.