Punje 50 juu ya meza ya parokia

Novemba 2005, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya Desemba 18 na 19 juu ya katiba mpya ya Kongo, watu kama ishirini walikutana katika ukumbi mdogo wa parokia, komine (mtaa) ya Kenya, hapa Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga. Nusu Wakatanga, wenyeji wa hapa, nusu Wakasai, wenye asili ya Kasai jirani. Walikuwa majirani, walikuwa wamezikana, wengine wameoana. Na hakuna aliyesahau 1992 na 1993, familia za Kasai zilipofukuzwa Katanga, zikalala wiki baada ya wiki juu ya mizigo yao kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni.

Siku zile kila mtu alikuwa na neno moja mdomoni: shirikisho, yaani kila jimbo kujiendeshea mambo yake ndani ya nchi moja. Mkatanga akilisikia aliona fedha za shaba zikibaki nyumbani. Mkasai akilisikia alijisikia akiitwa tena bakuyakuya, watu waliokuja tu, na mkono wake ulianza kutafuta kamba ya kufungia godoro.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuleta mfano wa mbali, ili watu walitazame jambo lao bila kushikana mashati. Nilileta Kupro (Saiprasi), kile kisiwa cha Wagiriki na Waturuki ambacho Matendo ya Mitume yanasema ndiko alikotoka Barnaba. Mama mmoja wa jikoni la parokia alitupa kikombe cha mahindi na cha maharagwe. Tukahesabu mahindi 35 na maharagwe 15, tukayamwaga mezani.

Ndivyo lilivyokuwa Bunge la Kupro katika katiba ya 1960: Wagiriki 35, Waturuki 15. Rais Mgiriki, Askofu Mkuu Makarios. Makamu wake Mturuki, Fazıl Küçük. Kila mmoja na kura yake ya turufu katika mambo ya nje, ulinzi na usalama. Mawaziri saba kwa watatu. Kazi za serikali 70 kwa 30, jeshi 60 kwa 40, na Waturuki walikuwa kama 18 katika kila watu 100. Tayari hapo manung'uniko yalikuwa yameanza upande wa wengi.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa kwenye kodi. Sheria ya kodi haikutosha kupata wingi wa Bunge zima. Ilitaka wingi wa Wagiriki peke yao na wingi wa Waturuki peke yao. Nikamwomba mzee mmoja mstaafu wa reli asogeze punje. Akasukuma mahindi yote 35 upande wa ndiyo, akaongeza maharagwe saba. Manane yakabaki upande wa hapana. Ndiyo 42, hapana 8.

"Imepita," akasema.

Imeanguka. Alizitazama zile punje nane kwa muda, akaigusa mojawapo kwa ncha ya kidole.

Swali lake likawa zuri kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeandika: kwa nini mtu akatae kodi inayolipa hata mishahara ya watu wake? Kwa sababu ugomvi haukuwa wa kodi. Waturuki walikuwa wanadai zile nafasi 30 kwa 100 zijazwe, na Wagiriki walisema watu wenye sifa hawajapatikana. Mbunge wa Kituruki hakuwa na njia ya kulazimisha mtu aajiriwe. Kodi ndiyo iliyokuwa mlango wenye kufuli mkononi mwake, kwa hiyo akaufunga huo. Mwisho wa 1961 sheria ya kodi ya mapato ikakosa kupita. Novemba 1963 Makarios akatoa mapendekezo 13 ya kubadili katiba, ikiwemo kuondoa kura za turufu na ule wingi wa pande mbili. Desemba damu ikamwagika. Waturuki wakatoka maofisini, wengi wakahama vijiji vyao, na Machi 1964 Baraza la Usalama likaamua kupeleka askari wa Umoja wa Mataifa, ambao mpaka leo wako huko.

"Njo vile na kwetu mu 60," mzee akasema, yaani ndivyo ilivyokuwa kwetu mwaka 1960. Na alikuwa sahihi. Bunge la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60: Conakat, chama cha Tshombe, 25; muungano wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga, 23, na ndani ya muungano huo walikuwemo Wakasai wa chama cha Fedeka. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Balubakat wakasusa, akidi ikakosekana. Badala ya kuwalazimisha wote wakae wapatane, Brussels, yaani serikali ya Ubelgiji iliyotutawala, ikabadilisha sheria katikati ya Juni 1960, wingi wa kawaida ukatosha. Conakat ikaunda serikali bila wale wengine, na Julai 11 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Kule Kupro kufuli liliachwa likakwamisha nyumba nzima. Huku lilivunjwa ili mmoja aingie. Nadhani kosa ni lile lile: hakuna aliyeandika hatua ya tatu, yaani wakishindwa kukubaliana nani anaamua, na kwa muda gani.

Kwa Kupro, mpango wa Umoja wa Mataifa wa 2004 ulijaribu kuiandika. Majimbo mawili chini ya dola moja la shirikisho. Baraza la Urais la watu sita wenye kura, wakishindwa kuafikiana wapige kura, ila ndani ya wingi awepo angalau mmoja wa kila jimbo. Wakikwama kabisa, Mahakama Kuu yenye majaji wa kigeni ndani yake iamue. Hapo watu walitikisa kichwa tu. Walipoamka ni kwenye nyumba.

Kupro ilikatwa vipande viwili 1974, jeshi la Uturuki lilipoingia, na watu wakaacha nyumba pande zote. Mpango ulisema hivi: aliyepoteza mali arudishiwe theluthi moja, iliyobaki alipwe kwa hati za fidia. Nyumba aliyoijenga mwenyewe, au aliyoishi ndani yake angalau miaka kumi, aweza kuidai yenyewe. Lakini anayekaa humo sasa naye ana haki: kama naye alipoteza nyumba ya thamani hiyo upande wa pili, aweza kuiachilia ile na kuchukua hii. Na kama ameijenga sana kupita thamani yake ya kwanza, hulipa bei ya jinsi ilivyokuwa, inakuwa yake.

Ukumbi ukawaka. Mama mmoja aliyerudi kutoka Mwene-Ditu alikuwa na lupango (kiwanja chenye nyumba) Likasi, iliyouzwa 1993 kwa bei ya tiketi na gunia la unga. Kwa kipimo kile, je, hilo ni kuuza au kupoteza? Kijana wa Kikatanga akajibu kwamba baba yake alinunua lupango ya namna hiyo kwa fedha halali, akachimba kisima, akaongeza vyumba viwili. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Nikawaambia wahesabu: bei ya siku ile, bei ya lupango bila vile vyumba, gharama ya kisima. Karatasi ikajaa tarakimu, na sauti zikashuka.

Mpango wa Kupro ulianguka Aprili 24, 2004. Waturuki karibu 65 kwa 100 walisema ndiyo, Wagiriki karibu 76 kwa 100 walisema hapana. Waliogopa askari wa Uturuki wangebaki. Lakini pia Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshatia saini mwaka mmoja kabla: Mei 1 Kupro inaingia, mpango upite usipite. Wagiriki hawakuwa na cha kupoteza kwa kukataa.

Kisha yule mama akafungua rasimu ya katiba yetu. Alikuwa ameona kifungu cha 175, asilimia 40 ya mapato kubaki jimboni. "Na maharagwe yangu manane yako wapi humu?" Hayakuwemo. Tukamwonyesha kifungu cha 30, haki ya kila mtu kukaa popote nchini, na cha 51, kinachoipa serikali wajibu wa kulinda makabila yote yaishi kwa amani. Akavisoma polepole, mara mbili. Akauliza ofisi gani mtu huenda navyo asubuhi jirani akimfungia mlango. Mzee wa reli akataja mahakama, kisha akanyamaza.

Mvua ilikuwa imeshika mabati. Yule kijana aliomba ile karatasi ya hesabu aipeleke kwa baba yake. Jumamosi iliyofuata baba alikuja mwenyewe, na hati ya lupango imefungwa ndani ya mfuko wa chumvi ili isilowe. Mama naye alikuwa ameleta yake. Wakaziweka mezani sambamba, wakaanza na tarehe.