Farasi Niliyemgusa Kirumba

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Kirumba, jijini Mwanza, ambamo harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni huingia bila kupiga hodi, nilifungwa mchezo wa mashindano ya sataranji kwa hatua sita tu. Mpinzani wangu alikuwa mzee mpole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasogeza askari wake hadi e4 (kila nyumba ya ubao hutajwa kwa herufi ya safu na namba ya mstari).

Nilijibu kwa c6, yaani ulinzi wa Caro-Kann, namna mojawapo ya kuuanza mchezo kwa mwenye kete nyeusi, wenye majina ya Mwingereza Horatio Caro na Mwaustria Marcus Kann, waliochapisha uchambuzi wake mwaka 1886. Ninaupenda kwa sababu askari wa c humuunga mkono mwenzake wa d5 bila kumzibia njia askofu wa c8. Baada ya kubadilishana askari, farasi wake alisimama e4. Nami, badala ya kumtoa askofu hadi f5 kama nilivyozoea, nilimweka farasi wangu d7. Mzee akamsogeza malkia hadi e2, akimzibia askofu wake mwenyewe. Nilidhani uzee umemchezea, nikamshika farasi wa g8 ili nimpeleke f6.

Nilikuwa bado nimemshika nilipouona mtego. Farasi wake akiruka hadi d6, askari wangu wa e7 hawezi kumla, kwa kuwa akiondoka tu malkia wa e2 anamtazama mfalme wangu ana kwa ana. Na mfalme mwenyewe hana pa kukimbilia, maana amezingirwa na watu wake. Kanuni ni kwamba ukigusa umecheza, na farasi yule alikuwa na nyumba mbili tu, f6 na h6, ambazo hakuna hata moja inayoilinda d6. Laiti ningemgusa yule wa d7! Saa iliendelea kuhesabu huku nikichagua nyumba ya kufia, kana kwamba kulikuwa na tofauti.

Nilimweka f6. Mzee akacheza, akanipa mkono, akasema, “Pole, mwanangu, hata mimi niliwahi kufungwa hivi.” Jioni nilisoma kwamba mwaka 1950, huko Poland, mchezaji mashuhuri Paul Keres wa Estonia alimnasa mpinzani wake kwa mtego huohuo, jambo lililonifariji kuliko nilivyostahili.

Lakini kabla ya jioni hiyo kulikuwa na mchezo wa mchana, nami nikapangiwa tena kete nyeusi. Nilisogeza askari wa c hadi c6, kisha nikaikalia mikono yangu yote miwili.