Waifai ya Shangazi

Mwaka 2010 shangazi yangu wa Kibokoni alikuwa amechoshwa na virusi. Kila flashi iliyotoka saiba ikichomekwa kwenye laptopu yake, folda zake za masomo ya darasani zinafichika na mahali pake panakaa programu za ajabu zenye majina yaleyale. Nikamwekea Ubuntu 10.04, mfumo wa Linux wa kuendeshea kompyuta, ambao virusi vile vya Windows haviushiki. Sauti ikakubali, printa ikakubali, waifai ikagoma.

Nikafungua teminali, nikaandika dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa mfumo. Hapa ndipo ninapoipendea Linux: ikishindwa, inasema imeshindwa wapi. Ilikuwa imeandika waziwazi kwamba faili ya b43/ucode15.fw haionekani. Draiva yenyewe, b43, yaani programu ya kuiendesha kadi ya waifai, ilikuwamo tayari kwenye keneli, kiini cha Linux. Waliiandika watu wa kujitolea, baada ya wenzao kuichambua draiva ya kampuni iliyotengeneza kadi, kipande kwa kipande, mpaka wakajua kadi inavyozungumza na kompyuta. Kazi kubwa ile, na mpaka leo nawaombea kheri. Kilichowapungukia ni ruhusa ya kusambaza femuwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi. Hiyo ilibidi uichomoe mwenyewe kwenye draiva ya kampuni, kwa kifaa kiitwacho b43-fwcutter.

Sasa uipate wapi bila mtandao? Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilishatua Mombasa tangu 2009, na sisi pale ukumbini hatuna hata baiti moja, maana waifai yenyewe ilikuwa ya jirani wa ghorofani na waya haufiki. Nikashuka na flashi mpaka saiba ya Ngomeni, nikarudi na nilichohitaji.

Nikaiamuru fwcutter iandike kwenye /lib/firmware. Majina ya faili yakateremka kwenye skrini, na ucode15 nikaiona ikipita. Nikaiondoa draiva kwa modprobe -r b43, nikairudisha kwa modprobe b43. Kitaa cha waifai kikawaka.

“Mwanangu, nikiizima itarudi?”

“Izime uone, shangazi.”

Akaizima, akaiwasha. Orodha ya mitandao ikajitokeza yenyewe, akaandika neno la siri, akaingia kwenye barua pepe yake.

Flashi ile sikuifuta. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani alileta laptopu yenye kadi kama ile, na safari hii hakuna aliyetumwa Ngomeni.