Siku niliyotambaa sebuleni

Juzi kitindamimba wangu kaweka kiganja juu ya sabufa, katulia kama anampima mtu homa, halafu kaniuliza, "Baba, hii kweli inafanya kazi?" Nikacheka peke yangu, maana swali lake ni kama la mama yake siku ile.

Siku ile sabufa, hiyo spika ya besi, ilikuwa bado inakaa kona. Besi yake nota moja tu, vuuum, gitaa linashuka ngazi tano wewe unasikia moja inapiga kelele nne hazipo, na mimi dawa yangu ilikuwa kuongeza sauti. Waya nikabadilisha, amplifaya nikaisingizia bure. Mwisho nikajaribu ile mbinu ya kichaa: sabufa unaipandisha kwenye kochi, palepale unapokaaga, unaweka wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe ndo unatambaa kando ya kuta umetega sikio; besi itakaposikika safi, hapo ndo sabufa inahamia.

Basi mtu mzima huyo, magoti chini, shavu karibu liguse zulia. Kwenye kona ngurumo tupu. Nikasogea kidogo, besi ikafa kabisa, nikajua imezima, nageuka kuangalia naona koni inacheza vilevile. Narudi nyuma ipo, naenda mbele haipo. Wimbi la besi la Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, sebule yangu yote haifiki hapo, kwa hiyo linagonga ukuta linarudi linakutana na lenyewe, pengine yanaongezeana, pengine yanafutana. Nilishayasoma hayo, ila kuyasikia ukiwa umepiga magoti ni habari nyingine. Karibu na mlango ngazi zote tano zikaja, moja moja, hakuna inayomfunika mwenzake. Nikafumba macho.

Mlango ukanigonga kichwani.

"Baba watoto, umepoteza nini?"

Tukaihamishia hapo. Krosiova, ule mpaka ambapo sabufa inaziachia spika ndogo, nikaweka Hz 80, swichi ya fezi, ile ya kugeuza koni isukume au ivute, nikawa naipeleka 0, naipeleka 180, yeye kakaa kochini ananiambia ipi nzito, tukabaki na 180. Sauti nikaishusha karibu nusu. Tukasikiliza wimbo mzima, spika ndogo zimeota kifua, yeye kimya, mwisho akauliza, "Kwani umeizima?"

Sikujua nifurahi au ninune.

Mlango mpaka leo haufunguki wote. Na wakitoka wote nikabaki mwenyewe, huwa naiongeza kidogo, mpaka dirisha liitike.