Ukumbi Mmoja Hauwatoshi Waandishi Wote

Katika mikutano ya waandishi ninayohudhuria hapa Kisumu, ratiba haibadiliki: kila aliyefika husoma au kughani alichokiandika, wenzake hupiga makofi, picha hupigwa, kisha watu hutawanyika mapema kwa kuwa wanaotoka Bondo na Siaya hawataki kuachwa na matatu. Ratiba hiyo humfaa sana anayeanza. Mwenye mswada wa riwaya uliokwama katikati haimsaidii sana, na aliyekwisha kuchapisha hutoka alivyoingia. Kwa maoni yangu, tunapaswa kutenga vikao kulingana na hatua ambayo kila mwandishi amefikia, hata kama sisi wenyewe ni wachache.

Wengi wa wanaoanza walilelewa na tamasha za muziki na za drama za shule, ambako shairi hupimwa jukwaani kwa sauti, macho, mikono na hata mavazi. Shule ikiisha, jukwaa nalo huondoka, na kijana hubaki na kipaji asichojua pa kukipeleka. Mtu kama huyo akikaribishwa kwa kalamu nyekundu siku yake ya kwanza, hatumwoni tena. Anachohitaji kwanza ni watu wa kumsikiliza, na mikutano yetu hulitimiza hilo vizuri.

Hata hivyo, sauti nzuri huficha mengi. Nimewahi kumsikia mwanafunzi wa chuo akighani tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, iliyousisimua ukumbi mzima, naye alipoombwa aiandike ubaoni, tulihesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, na kukuta mshororo mmoja una 17 na mwingine 15, mahali ambapo alikuwa amekusudia 16, nane katika ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) na nane katika utao (kipande cha pili). Jukwaani alikuwa akimeza silabi hapa na kuivuta nyingine pale, wala hakuna aliyeshtuka. Mjadala uliofuata ulikuwa na manufaa kuliko makofi yote ya siku hiyo: je, alitaka kufuata arudhi, yaani kanuni za jadi za utunzi, au alikuwa akielekea kwenye shairi huru bila kujitambua? Alijibu kwamba alitaka arudhi, akaketi pembeni kurekebisha, na kwa kutafuta kina kipya, yaani silabi nyingine ya kufungia vipande, akapata wazo ambalo halikuwapo katika ubeti wa awali. Kazi ya namna hiyo haiwezekani pale ambapo watu wengine ishirini wanasubiri zamu ya kipaza sauti.

Mwenye mswada mrefu anahitaji mpango mwingine kabisa. Inafaa wakutane watu watano au sita ambao wameisoma sura husika nyumbani, na mwandishi anyamaze huku wenzake wakimweleza ni wapi walichoka, ni wapi walipotea na ni mhusika gani hawakumwamini. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu kila mwandishi ana maelezo ambayo hayamo katika ukurasa. Katika eneo letu kuna pia suala la lugha, kwa kuwa mhusika wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, huchanganya Kidholuo, Kiswahili na Sheng katika sentensi moja, na wasomaji wa kikundi wakitoka Kakamega na Busia pamoja na Kisumu, mwandishi hubaini mapema ni maneno gani yanaeleweka kwa muktadha na ni yapi yanayomfungia msomaji mlango. Gharama ya kupiga chapa nakala kwenye saiba si ndogo kwa mwanafunzi, lakini sura iliyosomwa katika simu hupata maoni ya haraka haraka, heri tuchange.

Waliochapisha wanahitaji zaidi maarifa ya kazi yenyewe: namna ya kusoma mkataba, kudai mrabaha, yaani sehemu yake ya mauzo ya kitabu, na kuelewa kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayejichapishia ajue kwamba nambari ya ISBN, inayotambulisha kila kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Zipo pia tuzo, kama ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada ya Kiswahili isiyochapishwa.

Wapo wanaohofia kwamba utaratibu huu utazua matabaka. Hofu hiyo ina msingi iwapo vikao vitagawanywa kwa umri au kwa shahada. Vikigawanywa kwa kazi iliyo mezani, mwalimu mstaafu anayeandika hadithi yake ya kwanza atakaa na wanaoanza, na msichana wa miaka 19 mwenye mswada kamili atakaa na wenye miswada.

Siku ya Kiswahili Duniani, inayoadhimishwa tarehe 7 Julai, ni fursa nzuri ya kujaribu. Napendekeza vikao vidogo vifanyike asubuhi, watu wakiwa bado na nguvu, na ughani wa wote uanze baada ya chakula cha mchana ili umalizike kabla ya saa kumi. Anayetaka mswada wake usomwe aulete wiki moja kabla, kurasa zisizozidi kumi, na aache nafasi ya kutosha pembeni kwa maandishi ya wasomaji.