Faini ya kura imenifuata hadi Igombe

Jirani yangu wa Canley Vale, Sydney, mama wa Kivietinamu anayenipokelea barua, amenitumia picha ya bahasha kwa WhatsApp. Tume ya uchaguzi ya Australia inasema kumbukumbu zao zinaonyesha sikupiga kura tarehe 3 Mei 2025. Nitoe sababu, au nilipe dola 20. Za kwao, yaani elfu thelathini na ushei.

Tarehe 3 Mei nilikuwa hospitali ya Bugando, Mwanza, namuuguza mama. Australia kura ni lazima tangu 1924, hilo nalijua na silipingi. Kilichonikera ni kwamba wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetua Dar na kutoa dola 50, za Kimarekani hizo, kwa ajili ya viza ya kuja kwetu, maana pasi yangu sasa ni ya Australia. Kijana wa dirishani akaniuliza kwa Kiingereza nakuja kutembelea vivutio gani. Nikamwambia kwa Kiswahili, mama yangu, Igombe. Akacheka, akagonga muhuri wa miezi mitatu.

Sasa piga picha Mwanza ya Julai 2025. Watia nia wa ubunge ni wengi kuliko viti, wajumbe wa chama watakaowapigia kura za maoni wanapigiwa simu hadi usiku wa manane, na wengine wameshakumbuka tena misiba ya mitaani. Binamu yangu, mjumbe wa siku nyingi, alinikata kauli mbele ya watu nilipochangia: "Wewe mgeni, kunywa chai. Huna kura hapa." Watu wakacheka. Na ni kweli, sina. Ukichukua uraia wa nje, wa kwetu unaondoka, na hata wenye pasi ya Tanzania wanaoishi nje hawana pa kupigia. Wakenya wenzetu wa diaspora wanapiga tangu 2013.

Mjomba ndiye aliyeniokoa. Akauliza, huko kwenye kura yako kukoje?

Nikamsimulia Fowler, jimbo langu magharibi mwa Sydney. Ukishuka treni Cabramatta kwenye msimu wa kampeni unakutana na mabango ya Kivietinamu, ya Kichina, ya Kiarabu, na ukienda mbele kidogo unawasikia Waashuri na Wakhmer. Sisi wa Kiswahili ni wachache mno, hakuna anayetubembeleza kwa bango. Tanzania tuna makabila zaidi ya 120 lakini kampeni inakwenda kwa Kiswahili. Mgombea akitupia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, anapigiwa vigelegele, basi, hotuba inaendelea. Kule mgombea asiyejipanga kwa lugha za watu amekwisha. Lakini karatasi yenyewe ya kura ni ya Kiingereza tupu.

Jimbo hilo chama cha Labor kililishika tangu lilipoanzishwa 1984. Mwaka 2022 wakampitisha Kristina Keneally, seneta, mtu mzito aliyewahi kuwa waziri mkuu wa New South Wales, yaani serikali ya eneo lote ilimo Sydney. Alikuwa anaishi kisiwani, Scotland Island, kwenye upande wa pwani ya matajiri. Ni kama umtoe mtu kisiwani Ukerewe umsimamishe Buhongwa, Mwanza mjini. Kulikuwa na mwanasheria kijana wa palepale, Tu Le, binti wa wakimbizi, wakamruka. Na watu walikuwa bado na kinyongo cha 2021, Uviko ulipobana: vitongoji vyetu viliwekewa masharti makali kuliko vya pwani, hadi askari jeshi wakaletwa mitaani. Akatokea Dai Le, mgombea binafsi, aliyekimbia Vietnam akiwa mtoto na kupita kwenye kambi za wakimbizi. Akambwaga seneta.

"Kama Wenje na Masha," mjomba akasema. Nyamagana, Mwanza, 2010: Wenje wa Chadema alimbwaga Masha, waziri wa mambo ya ndani. Mjomba haisahau hiyo.

Mwaka 2025 Labor wakamrudisha Tu Le. Wamezoa viti 94 kati ya 150 nchi nzima, lakini Fowler wamekosa tena. Dai Le amebaki. Kura yangu haimo, na sitasema ingekwenda wapi.

Mjomba alitaka kujua wanapigaje. Nikachukua daftari lake la hesabu za dagaa, nikachora visanduku vya wagombea sita. Akaweka vema kwenye kimoja, akanirudishia.

"Imeharibika, mjomba."

"Imeharibikaje na mtu wangu nimemchagua?"

Unatakiwa kuwapanga wote kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho. Fowler ni kati ya majimbo yanayoongoza kwa kura zilizoharibika, na sioni ajabu: Kiingereza kinawasumbua wengi, na uchaguzi wa bunge la New South Wales unakuruhusu kuweka 1 tu ukaondoka.

"Hata nisiyemtaka nimpe namba?"

"Mpe ya mwisho."

Hiyo aliipenda sana. Akaanza kuwapanga watia nia wa Ilemela, jimbo la huku Igombe, na yule wa sita tulimcheka wote, pamoja na binamu.

Mengine nitayasema haraka. Kule Australia hakuna kanga, fulana wala pilau za wagombea. Soseji ya kwenye mkate unainunua mwenyewe, hela inakwenda shule iliyotoa kituo. Wapiga debe wanasimama mita 6 tu kutoka mlangoni, wanakupa vikaratasi vyao, na hakuna anayemkimbiza mtu. Ninyi wa Tanzania, mnaoambiwa mkae mita 200 kutoka kituoni, mtanielewa. Ni kura ya amani kiasi cha kuchosha, na nikiwa kule huwa nalalamika kupoteza Jumamosi. Hapa Igombe, Chadema wakiwa wamezuiwa kushiriki uchaguzi tangu Aprili 2025, sina hamu ya kulalamikia Jumamosi.

Kwa mnaoulizia uraia wa huko: ukiwa na ukaazi wa kudumu hupigi kura na hudaiwi. Ukila kiapo cha uraia, umebeba yote mawili, na mimi mwaka 2025 nyumbani nilikuja kwa viza. Ukiwa nje ya nchi siku ya kura hulipi faini, ila lazima ujibu barua. Mimi nimejibu kwa simu, nimebakiza picha ya muhuri wa Dar kama ushahidi. Na ukihama nyumba badilisha anwani mapema, maana ukikaa kimya wanaweza kukufikisha mahakamani, na huko dola 20 utazitamani.